Nani Atambeba Mama Mkwe?

Jumamosi, 2 Machi

Mimi sasa ni mjumbe wa usalama. Rasmi! Nina cheti, nina fulana ya njano inayong'aa, nina filimbi. Kiwanda chetu cha sabuni kilitaka mjumbe mmoja kutoka kila idara. Idara ya stoo ni mimi peke yangu, kwa hiyo nimechaguliwa kwa kura moja – ya bosi.

Semina ilikuwa ya siku moja. Asubuhi moto, mchana mafuriko, jioni picha ya pamoja. Zamu yangu ya kuzima moto ilipofika nilivuta pini ya mtungi, nikabana mpini wake, nikapulizia viatu vya mwalimu. Moto wenyewe ukazimika baadaye, nadhani kwa kunionea huruma. Mwalimu alisema angalau viatu vyake sasa haviwezi kuungua.

Lakini kuna swali limenikaa kooni tangu mchana. Aliuliza: nyumbani kwako, nani hawezi kutoka kwa miguu yake mwenyewe? Na nani atamtoa? Wenzangu wakaandika haraka haraka. Mimi nikaandika "mama mkwe". Kwenye "nani atamtoa" nikaacha wazi. Nikachora duara. Nikalitia macho na mdomo.

Mama anakaa nasi tangu alipovunjika nyonga. Chumba chake ni kile cha nyuma, upande wa mtaro mkubwa. Anatembea na fremu ya chuma ya miguu minne – hatua moja, pumzi moja. Mwaka jana mtaro ulifurika, maji yakafika kizingitini, yakaona hatuna cha maana, yakarudi. Wakati ule mama hakuwepo. Sasa yupo. Mke wangu ni muuguzi. Siku ya maafa yeye ndiye wa kwanza kuitwa kazini. Binti yetu ana miaka kumi na mikono kama vijiti vya kiberiti. Haya, anayebaki ni nani?

Mimi. Na mimi na mama mkwe hatujawahi kukaa hata kwenye kochi moja. Akitokea koridoni, mimi naingia jikoni. Nikimwamkia natazama sakafu. Naye akiitikia anatazama dari. Tunaheshimiana kiasi kwamba tukikutana sokoni sijui kama nitamtambua.

Jumapili, 3 Machi

Nimetangaza mpango wa dharura wa nyumba. Nilisimama mbele ya televisheni na fulana yangu. Mke wangu akaniuliza kama nimekuja kusoma mita. Tangu hapo ananiita Kamanda. "Kamanda, chumvi imeisha." "Kamanda, taka zimejaa."

Binti, ambaye sisi tunamwita Mwanasheria kwa sababu hakubali jambo mpaka alipinge mara mbili, aliuliza maswali. Je, dharura ikitokea wakati yuko bafuni? Je, anaruhusiwa kuokoa tableti kabla ya kaka yake? Nikamwambia hana kaka. Akasema anauliza kwa ajili ya baadaye. Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama mpango.

Mama hakutoka chumbani. Alituma ujumbe kupitia kwa mjukuu wake: amesikia, na ahsante.

Jumatano, 6 Machi

Maandalizi yanaendelea. Nimejaza maji madumu yote ya akiba, nimeyapanga nyuma ya mlango wa jikoni. Nimenunua tochi, betri, viberiti, maharage ya kopo, biskuti za kukaa muda mrefu. Nimeandaa mfuko wa kukimbia nao, ule usioingiza maji. Tahadhari kabla ya hatari!

Taarifa ya leo jioni. Madumu: matupu. Mama alimwomba binti maji ya kufulia, na maji yalikuwa hapo hapo, yamepangwa vizuri. Utamwambia nini mama mkwe kuhusu nguo zake? Nilisema "hongera kwa kufua" kupitia ukutani. Biskuti: Mwanasheria anadai zilikuwa zinakaribia kuharibika. Tarehe ya kuharibika ni mwaka kesho kutwa.

Halafu umeme ukakatika. Nikafurahi – nakiri. Nikasema tulieni, Kamanda yupo. Tochi hii hapa. Betri nilizificha mahali salama ili zisichezewe. Ni salama kweli, maana hata mimi sijazipata hadi sasa. Nilipapasa kabati zima, nikajigonga kidole cha mguu kwenye dumu tupu, nikasema maneno yasiyofaa. Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Mama alikuwa amewasha mshumaa wake, ameuweka kwenye kisosi sakafuni koridoni, akarudi ndani. Tumekula kwa mshumaa wa mama.

Jumamosi, 9 Machi

Mazoezi ya kwanza ya kutoka nyumbani. Mahali pa kukutania: karakana ya fundi seremala, ng'ambo ya barabara. Iko juu, ina ngazi za saruji, maji hayajawahi kufika. Fundi mwenyewe alikubali kuwa mwenyeji. Ni mtu mwema, ingawa mguu wake wa kushoto uliangukiwa na gogo zamani na anautupa akitembea. Akasema atatazama tu, hajaona sinema siku nyingi.

Nikapuliza filimbi. Mke wangu akatoka na kikombe cha chai. Binti akatoka na tableti. Mama – kimya.

Tukasubiri. Nikamtuma binti. Akarudi: bibi anasema tutangulie, yeye anafunga dirisha. Tukasubiri tena. Nikamtuma tena. Bibi anabadilisha kitenge, hawezi kwenda kwa watu na cha kulalia. Fundi akaleta stuli tukae. Mke wangu akamaliza chai, akaomba nyingine. Mwishowe mama akatokeza kibarazani na fremu yake, kitenge cha harusini, kilemba, manukato yanatufikia ng'ambo ya barabara. Akasema poleni kwa kusubiri.

Nikasema hongera, mama. Ningesema nini kingine? Mwanasheria akaniuliza kwa sauti, kwa mujibu wa mpango, bibi amekufa au hajafa. Fundi alilazimika kwenda kuchekea ndani.

Nacheka nikiandika. Lakini nilihesabu kichwani wakati tunasubiri. Kwa mwendo ule, mama hatoki. Na hakuna filimbi itakayombadilisha.

Jumatatu, 11 Machi

Leo wakati wa kuosha vyombo nilimwuliza mke wangu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, mama ana kilo ngapi.

Aliweka sahani chini. Akauliza kama nimepata mnunuzi. Akacheka mpaka akakaa kwenye dumu. Kisha akaniona sicheki, akaelewa, naye akaacha. Akaniuliza ina maana nitambeba mimi. Nikamwuliza kwani kuna mwingine. Akafuta mikono muda mrefu, mikono iliyokwisha kukauka.

Alisema tangu baba yao afariki hakuna mwanamume aliyemshika mama hata mkono. Siku alipovunjika nyonga aliwafukuza wabeba machela wawili. Alilala sakafu ya bafu, ameng'ang'ania taulo, mpaka wakapatikana wanawake. Na wale walikuwa wageni tu. Sembuse mkwe.

Jumatano, 13 Machi

Naandika nimelala kifudifudi. Nitaeleza.

Kazi yangu ni uzito. Gunia nikilitazama tu nakwambia kilo zake, sihitaji mizani. Kwa hiyo jana nilimtazama mama kupitia dirisha la jikoni akianika nguo, nikapata jibu, halafu nikaona haya hata nikapasua glasi. Mtu mzima, namkadiria mama wa mke wangu kama shehena!

Leo mchana stoo haikuwa na mtu. Nikachagua gunia la chumvi, tunaitumia kwenye sabuni. Nikaongezea na mfuko mdogo juu, kwa ajili ya kilemba na manukato. Nikajifunga kamba, nikainuka. Naapa niliinuka! Nikatembea ujia mzima, nikapita maboksi, najiona simba. Nikasema kwa sauti, "Usiogope, mama." Nikageuka kurudi. Hapo kiuno kikasema kitu ambacho sijawahi kukisikia kikisema.

Wapakizi walinikuta chini ya gunia, miguu nje. Wakauliza hili "mama" nililokuwa naliita ni gunia au ni mama kweli. Mjumbe wa usalama ndiye ajali ya kwanza ya mwaka kiwandani. Mganga hajigangi. Wawili wakaniinua, mmoja huku mmoja huku, wakanipakia kwenye pikapu kati ya katoni za sabuni ya kufulia, wakanishusha nyumbani na kunipitisha mlangoni. Mama alikuwa kibarazani. Aliona yote.

Alhamisi, 14 Machi

Bado nimelala. Binti ameleta chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa, na dawa ya kuchua. Vimetoka kwa bibi yake. Ujumbe: niweke hapo panapouma, nisijifanye kijana.

Baadaye nikasikia fremu koridoni. Tak – pumzi. Tak – pumzi. Ikasimama mlangoni kwangu. Nikauficha uso kwenye mto.

"Pole, baba."

"Ahsante, mama," nikauambia mto.

Fremu ikaendelea. Hesabu mpaka leo: aliyeokolewa ni Kamanda, mwokozi ni mgonjwa wa nyonga.

Jumapili, 17 Machi

Ukuta wa chumba chetu na cha mama ni mwembamba. Sikutega sikio. Sawa, nilitega kidogo.

Mke wangu alikuwa anamsuka, nadhani. Mama akaanza yeye. Amesikia kwamba mimi nabeba magunia kwa ajili yake, na wapakizi wamekwisha kulisambaza mtaa mzima. Akasema niache. Sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana iliniuma.

"Mkwe wangu ni mtu ninayemheshimu. Hatanibeba mgongoni nining'inie kama mtoto, watu wamesimama wananitazama. Maji yakija, nifungieni mlango wangu, mwende. Mimi nimekwisha kuishi."

Mke wangu akamwuliza, na yeye atamwambia nini mtoto wake, kwamba bibi tulimfungia? Nikasikia kitana tu.

Usiku mke wangu alilala amegeukia ukuta. Alikuwa analia kimya kimya, mabega yanacheza. Nikamshika bega, kiuno kikanichoma, nikapiga ukelele. Hata kufariji nimeshindwa.

Ngoja niandike na hili, maana hakuna wa kulisoma. Mama aliposema nifungieni mlango, nilihuzunika. Nilikasirika. Na kwa kitambo kidogo sana nilipumua – kama mtu aliyeondolewa mzigo. Kisha nikaogopa huko kupumua kuliko maji yenyewe.

Jumanne, 19 Machi

Wazo! Akili ni nywele, na zangu zinakatika, lakini moja imebaki. Kiti! Kiti cha kubebea chenye mipini mirefu, mbele na nyuma. Mtu mmoja huku, mwingine kule. Mama anakaa, anatazama mbele kama malkia, hagusani na mtu. Hakuna mgongo, hakuna kuning'inia. Heshima yake salama, kiuno changu salama.

Nimekwenda kwa fundi. Yeye kubeba hawezi kwa ule mguu, lakini kuchonga ndiyo kazi yake, na wa kushika mipini tutawapata majirani. Akaniuliza vipimo. Vipimo vya nani? Sikuthubutu. Nikapima stuli ambayo mama hukalia kibarazani, nikaongeza kidogo huku na kidogo kule, kwa heshima. Nikapima njia ya nje. Nikapima geti. Fundi akasema kweli mimi ni mtu wa stoo.

Jumamosi, 23 Machi

Kiti kimekuja. Kizuri! Mbao nzito, mikono imepindwa kwa ustadi, varnishi inang'aa mpaka unajiona. Mimi na fundi tukakinyanyua kikiwa kitupu, tukapanda kibarazani, tukafika mlangoni.

Hakiingii.

Tukakigeuza ubavu. Hakiingii. Tukakitanguliza miguu. Tukakipindua. Fundi akakuna kichwa kwa penseli, akaniuliza taratibu, kama daktari, kama nilipima mlango.

Nilipima stuli. Nilipima geti. Mlango ninaopita kila siku miaka yote hii – sikuupima. Mke wangu alitoka, akatazama, akarudi ndani akiwa ameuma kitenge. Mwanasheria akasema kwa hiyo bibi itabidi dharura imkute akiwa tayari nje.

Fundi akasema si kitu, atakata mikono ya kiti, atasogeza mipini. Alikuwa ameshika msumeno kabisa mama alipotoka. Tak – pumzi. Akakitazama. Akauliza cha nani. Binti akajibu upesi: chako, bibi. Mama akakizunguka na fremu, akajishusha polepole, akaegemea. Kikamkaa kama alipimwa yeye. Akapapasa mkono wa kiti, ule uliokuwa ukatwe.

Akasema fundi, Mungu akubariki. Fundi akaficha msumeno nyuma ya mgongo. Nani atamwambia ainuke?

Jumatatu, 25 Machi

Kiti hakitoki kibarazani, na mama hatoki kitini. Wapita njia wanasimama kumwamkia. Jana majirani wawili wanaogombania mpaka wa ua walikuja kuamuliwa kesi. Kwenye mpini wa mbele anaanika taulo. Kwenye wa nyuma amening'iniza mkoba.

Mimi nikitoka kazini sina pa kukwepa, jikoni kuko ndani na yeye yuko mlangoni. Leo akaniuliza mgongo. Nikasema unaendelea. Akaniuliza tena hiyo miti mirefu ya kiti ni ya nini. Nikasema ni ya mapambo, mama.

Akasema "Mmh." Akausogeza mkoba wake kidogo kwenye mapambo. Yaani anajua kila kitu.

Jumatano, 27 Machi

Mvua siku ya pili mfululizo. Mtaro unanguruma. Nimeutazama asubuhi na jioni kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Nimejaza madumu tena, sijui kwa nini, maji yako kila mahali.

Mke wangu ameitwa kazini. Watalala huko huko mpaka hali itulie. Alipakia nguo zake, akamuaga mama, akambusu binti. Mimi nilimsindikiza na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika. Getini alinishika shati hapa kifuani, hakuniita Kamanda.

"Usimfungie mlango. Hata akikwambia."

Nikasema sitamfungia. Akaniuliza naahidi. Nikasema naahidi. Kisha gari la kazini likaja, nikabaki na mwavuli na ahadi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini mimi sijayavulia hata soksi, jamani, na kiuno bado kinanidai.

Alhamisi, 28 Machi

Niko chumbani kwa mama. Nimekaa kitandani kwake. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Saa sita kiwanda kilifungwa, kila mtu aende kwake. Mwalimu wa binti alipiga simu njiani: watoto wote wanabaki shuleni, kule mlimani, wako salama. Nikashukuru Mungu, nikakimbia. Barabara yetu ilikuwa tayari mto. Fundi alikuwa juu ya ngazi zake anapandisha mbao. Nilivaa fulana ya njano, nikatia filimbi mdomoni, nikavuka nikiwa nimeshikilia ua wa jirani. Sikupuliza. Pumzi ningeitoa wapi?

Napanda kibarazani, nakutana na kiti kinashuka. Kinaelea, mipini juu, taulo la mama bado limo. Kikapita getini bila kugusa upande wowote. Geti, kumbe, nilipima vizuri sana.

Ndani maji yalifika kwenye ugoko. Yanaingilia nyuma, chumba cha mama ndicho cha kwanza. Mlango umefungwa. Nikapiga hodi. Ndiyo, hodi, maji yananipita miguuni!

Mama akauliza nani. Nikasema ni mimi. Akauliza kuna mwingine huko. Nikasema hakuna. Akasema nisubiri. Nami nikasubiri. Nilisimama koridoni na fulana yangu inayong'aa, ndoo zinanipita, kiatu cha binti kinanipita, nasubiri mama mkwe avae. Ndipo nikasikia fremu imeanguka, na sauti ndogo. Nikafungua.

Sijawahi kuingia humu. Kitanda, sanduku, picha ya marehemu baba mkwe ukutani. Mama alikuwa amejishikilia kwenye ubao wa kitanda, mguu mmoja majini. Nikaiinua fremu. Akajaribu hatua moja. Miguu ya chuma ikateleza, akarudi akakaa. Nikasema mama, twende. Akasema niende mimi. Nikasema siendi. Akasema, kwa ile sauti ya kuamulia kesi, ameniambia niende. Nikamwambia binti yake amenikataza kufunga mlango, na kati yao wawili mimi namwogopa zaidi mke wangu.

Akageukia ukuta.

Nikakaa. Upande wa miguuni, mbali, pembeni kabisa, nusu ya makalio hewani. Ndivyo tulivyo hadi sasa.

Fundi amepiga kelele kutoka ng'ambo, nikaenda mlango wa mbele kumsikiliza. Anatafuta kamba ndefu; atafunga ncha moja kwenye ngazi zake na kumrushia jirani wa upande wetu ncha ya pili aifunge kwenye nguzo ya geti letu. Bila kamba nisithubutu, barabarani maji sasa yananyanyua mtu. Tusubiri, ataita. Yeye mwenyewe hawezi kuvuka, mguu ule hausimami majini. Kumvusha mama itakuwa kazi ya mgongo huu huu mbovu.

Nimefungua mfuko wa dharura. Jamani. Pakiti za biskuti, tupu, zimekunjwa vizuri. Cheti changu. Betri! Zote, tochi hamna. Na daftari hili na kalamu, nilivitia mimi, nadhani ili maafa yapate mwandishi. Kwa hiyo naandika. Nikiandika sitalazimika kumtazama. Naogopa. Si maji tu. Naogopa nikimgusa asije akanichukia, na nisipomgusa nitarudije kwa mke wangu.

Ameuliza naandika nini. Nimesema hesabu za stoo. Ameuliza kuna nini stoo. Nimemwambia vitu vingi, mama, hakuna kinachofaa hata kimoja.

Nikasikia mlio. Nikadhani analia, nikainua macho kwa hofu. Kumbe anacheka! Miezi yote hii sijawahi kusikia kicheko cha mama mkwe wangu. Kitanda kizima kinacheza. Mimi nami nikashindwa, nikacheka mpaka kiuno kikanikata. Tukatazamana. Ana macho ya mke wangu kabisa. Halafu tukanyamaza, maana godoro upande wangu limeanza kulowa.

Kisha akaniuliza, pole pole, kule ng'ambo kuna watu wengi? Nikachungulia koridoni, mlango wa mbele uko wazi. Nusu ya mtaa iko kwenye ngazi za fundi. Ningeweza kudanganya. Nikasema wapo, mama, wengi. Akasema "Mmh."

Fundi anaita. Kamba tayari. Anasema haraka, maji yanaongezeka.

Mama amevuta kitenge cha pili, amejifunga juu ya kile cha kwanza, amekaza fundo. Amefunga kilemba. Amenyoosha mkono ukutani, ameishusha picha ya mzee, ameifuta kioo kwa kiganja, amenipa niitie kwenye mfuko wa dharura.

"Uso chini," amesema. "Asione."

Nimeilaza uso chini, juu ya cheti. Sasa ananiambia niweke kalamu, nigeuke, niiname.